Skrini Tatu Gerejini

...na sasa yuko chini ya meza, miguu tu ndiyo inaonekana, soksi za kijani na magoti juu ya zulia kuukuu, na anaongea, mke wangu Verlene hajui kuingia mahali bila kuongea, anaongea na ukuta, anaongea na vumbi, na mimi nimekaa juu hapa kwenye kiti changu mwenyewe, studioni mwangu mwenyewe, kwenye gereji niliyoiziba kwa mbao na magodoro kwa mikono yangu, nimeshika ncha ya waya kama mgonjwa aliyeshikishwa kipimajoto, "...ome...a ...a ...ulia," ndivyo inavyonifikia, nyama ya maneno bila mifupa, zile a na u zinapita vizuri lakini herufi zinazokata, sa na cha na ka, zinabaki huko chini pamoja naye, na mimi nasema "Sawa," kwa sababu nimegundua kwamba ukisema sawa watu wanaendelea na shughuli zao, nasema sawa na sifanyi chochote, na miguu inatulia, halafu sauti inapanda, "Alcide, nimesema chomeka wa kulia," hiyo nimeipata, amepaza, na huko kupaza ndiko kunakonichoma, ile sauti ya kumsemesha mtu aliye ng'ambo ya barabara, au mbwa, au babu wa watu aliyesahauliwa kibarazani, nachomeka wa kulia, haya, nimechomeka, na skrini ya katikati inawaka samawati, mpya, pana, inang'aa kama meno ya mwanasiasa, na kulia kwake ya tatu bado nyeusi, imeandikwa hakuna mawimbi, na kushoto ile yangu ya zamani yenye ufa pembeni, ambayo imenitosha miaka yote hii, imenitosha kabisa, nani alisema haikunitosha.

Ferris ndiye aliyesema. Verlene jana aliingiza maboksi mawili hapa akaniambia ni zawadi, nikafikiri zawadi yake, nikambusu hadi kichwani, halafu leo asubuhi nikiwa nakunywa kahawa simu ikatetemeka mfukoni, Ferris Ledet, mpiga kodiani, mtu ambaye nimemrekodi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ameniandikia, ndugu yangu, Verlene amenieleza kuhusu masikio, hizo skrini nilizokununulia zitumie, usichokisikia utakiona, tunakuja saa nane na bendi kurekodi, tutakwenda polepole, polepole, kama watu wanaomsindikiza mjane kaburini, na nikarudisha simu mfukoni, nikala boudin yangu, soseji ya wali, naye Verlene amekaa mbele yangu anapaka siagi mkate kana kwamba hajaniuza, amenieleza kuhusu masikio, masikio ya nani, ni yangu, nimezaliwa nayo hapa hapa Opelousas, yamekaa mbele ya spika za kila ukumbi wa dansi kuanzia hapa hadi mpaka wa Texas, nikiwa na haja ya kuyatangaza nitayatangaza mwenyewe, "...me...a?" anasema huko chini, na mimi nasema "Sijachoka," na anacheka, miguu inacheka, soksi zinatikisika, "Nimeuliza imewaka, mzee wangu, sikuuliza umechoka, ingawa na hilo ningeweza kukuuliza kwa hiyo sura uliyoamka nayo," na ningekuwa mtu mwingine ningecheka, lakini leo sicheki, nasema ya katikati imewaka, ya kulia bado, naye anasema kitu kirefu kinachoishia na e.

Na ya katikati yenyewe inaonyesha kitu kilekile cha kushoto, mistari ileile, rangi zilezile, kopi, hii ndiyo akili ya Ferris, nikishindwa kuona mara moja nione mara mbili, nafungua mipangilio, kurudia au kutandaza, natandaza, hilo sihitaji kuambiwa na mtu, nilikuwa nakata na kuunga kanda kwa wembe wakati watu hawa hawajui hata kuwasha redio, na sasa meza yangu imekuwa pana, kishale kinatoka skrini moja kinaingia nyingine kama paka anayejua nyumba zote mbili, nauvuta ule mchoro wa sauti na kuupeleka katikati, ule unaoonyesha sauti nzito kushoto na sauti nyembamba kulia, sijawahi kuutazama kwa dhati, ulikuwa umejificha nyuma ya madirisha mengine, nani mwenye masikio anatazama mchoro, mpishi haangalii picha ya mchuzi.

Naufungua ule wimbo wa Ferris, ndiyo, ule ule uliotugombanisha, nautaka huo huo, nione walichokuwa wanalalamikia, maana ilipotoka ile rekodi mwaka jana Ferris alinipigia akasema, "Alcide, bati linakata masikio ya watu," na mimi nikamwambia anunue spika za maana, nikamwambia asikilize kama mwanamuziki na si kama muuza magari, na Ferris akanyamaza, lakini Oneal hakunyamaza, Oneal mdogo wangu, tumbo moja, ndiye mpiga bati wa bendi, analivaa kifuani kama fulana ya chuma na kulikwaruza kwa vifungulio vya chupa kama baba alivyomfundisha, alikuja mpaka hapa mlangoni akasema, "Umenifanya kichekesho, kaka, watu wanasema nimewamwagia vijiko sakafuni, wivu wako utakufikisha wapi," wivu, mimi, kwa sababu eti baba alimrithisha yeye lile bati na mimi nikapewa redio mbovu, nikamwambia toka, akatoka, na msimu mzima wa kamba wa mtoni hakukanyaga uani kwangu, sufuria ikachemka, watu wakala, kiti chake kitupu, na mimi nikijua kwamba ninasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimesikiliza mara chungu nzima na bati halikuwa juu, lilikuwa chini, lilikuwa chini sana, nilimpandisha kidogo bado simpati, nikampandisha tena, nikasogeza kiti, nikavaa hedifoni, nikampandisha tena...

Inacheza. Ngoma, besi, kodiani ya Ferris inavuta pumzi, kushoto kwa mchoro milima mizito inapanda na kushuka, ninaisikia na kuiona, vinakwenda pamoja, vizuri, halafu kulia, huko mwisho kabisa kulia, kinaruka kitu. Kinaruka juu kupita vyote. Kinashuka, kinaruka, tatu za haraka na moja ya kuchelewa, tatu za haraka na moja ya kuchelewa, na gerejini hakuna kitu, nainamisha kichwa kwenye spika, hakuna kitu, kodiani tu na besi, na pale kwenye kioo mlima wa kijani unaruka mpaka kwenye nyekundu, tatu na moja, hiyo moja ya kuchelewa hakuna mtu mwingine anayeichelewesha hivyo, ni baba alikuwa akiichelewesha, akiinua bega la kushoto kwanza, na Oneal anainua bega lilelile, ni yeye, ni mkono wake, naona kila anapokwaruza na simsikii, ndugu yangu anapiga mbele ya uso wangu kwa nguvu zake zote na simsikii, nilikuwa namtafuta, hayo ndiyo niliyokuwa nikifanya usiku ule wa kuchanganya sauti, nilikuwa namtafuta ndani ya wimbo nikampandisha mpaka akawatoboa watu wengine wote, naye akasema wivu.

Na Verlene alijua. Tukiwa garini tunatoka kanisani redio ikaupiga wimbo huu huu, mimi nikagonga usukani kwa furaha, na yeye akanyoosha mkono akapunguza sauti, akatazama nje kwenye mashamba ya mpunga, na yule daktari wa masikio kule Lafayette, aliyemweleza yeye badala yangu, nimekaa pale pale, akimwambia mumeo hivi, mumeo vile, kana kwamba mimi ni mzigo wa kukabidhiwa, na vile vifaa vya kuvaa sikioni nilivivaa siku moja, sahani zikanipigia kelele, karatasi zikanipigia kelele, nikavitupa kwenye droo ya soksi, hasira inapanda tena, nzuri, naijua hasira, hasira naisikia vizuri kuliko chochote, "Ulimwambia Ferris," nasema, nasema kwa nguvu, naisimamisha kodiani katikati ya pumzi, "ulikwenda kwa Ferris kabla ya kuja kwangu."

Miguu imetulia. Anajibu. Najua anajibu kwa sababu magoti yanasogea, maneno yanakuja, marefu, laini, ameacha kupaza, sasa hivi wakati namtaka apaze ameacha, anazisimulia nyaya maisha yangu na mimi naokota irabu kama kuku, "...i...uu...i...a ...a...a," na neno sawa limekwisha panda kooni, limefika kwenye meno, na ninalimeza, nasukuma kiti, napiga magoti kwenye zulia, mgongo unalalamika, naingiza kichwa chini ya meza, na huyo hapo, amelala ubavu na tochi ya simu, buibui kwenye nywele, uso wake karibu na wangu kuliko ulivyokuwa wiki nzima, ana machozi, sikujua ana machozi, sauti haikuniambia.

"Sijapata hata neno," namwambia. "Ukiwa huku chini sikusikii, Verlene. Sikusikii kabisa."

Ananitazama. Anaifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Nimesema nilikuuliza kwanza," anasema, na sasa naiona sa, naiona ka, naziona midomoni mwake zote. "Nilikuwa naosha vyombo, wewe uko mezani. Nikakuuliza, Alcide, nimwambie Ferris ukweli? Ukaniambia sawa."

Na siwezi kulikumbuka swali hilo hata kidogo, na bado nina hasira, bado, ninataka kumwambia kwamba mtu hamwulizi mumewe jambo kama lile akiwa amempa mgongo na maji yanamwagika, na nitamwambia, leo hii hii, lakini kwanza saa nane itafika na Oneal ataingia kwa mlango ule na bati lake begani, ataniangalia kama mgeni, na sitampandisha wala kumshusha, nitamvuta mkono nimweke mbele ya ile skrini ya katikati, nimwonyeshe, hapa ndipo ulipo, mimi nakuona tu, na huenda akasema ni hila, huenda akatoka tena, Oneal ni Oneal, na huku chini vumbi linaniingia puani, nyaya zimetuzunguka kichwani, ya tatu bado nyeusi, Verlene anageuka kutafuta tundu la waya wake na uso wake unanipotea.

"Geuka huku," nasema. "Nieleze tena. Yote uliyomwambia Ferris, mwanzo mpaka mwisho."