Masharubu ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Shangazi ndiye mkutubi wa shule niliyomaliza mwaka jana. Mkuu wa shule alishamwonya: Ijumaa saa nne, wanafunzi wasipofika arobaini mle ndani, maktaba inakuwa stoo ya viti. Kwa kawaida wanakuja watatu kwa wiki, na mmoja anakuja kulala.

"We si unajifanya fundi wa simu?" Shangazi akaniambia. "Nisaidie basi. Kochi langu umelikalia vya kutosha."

Nikatengeneza chemshabongo ya kusaka. Vikaratasi kumi vya QR, nikabandika shule nzima: bombani, maabara, mpaka nyuma ya choo cha wavulana. Unaskani, swali linatokea, ukijibu unaambiwa kikaratasi kingine kiko wapi. Cha mwisho maktaba. Simu zikaruhusiwa siku hiyo. Nikajiona mimi ndio mimi.

Saa tatu na nusu kengele ikalia. Dakika tano tu, majibu yakaanza kumiminika kwenye simu yangu: kumi kwa kumi, kumi kwa kumi. Nikachungulia dirishani. Watu wamejilaza kwenye nyasi! Kumbe jamaa mmoja kazunguka peke yake, kapiga picha vikaratasi vyote, hata cha maktaba kupitia dirisha, kavirusha kwenye grupu la shule, ambalo mimi bado nimo. Majibu wameuliza mtandao.

"Mbona hawaji?"

"Wameshamaliza, Shangazi."

"Wamemaliza nini, na hata kuinuka hawajainuka?"

Akaanza kupanga mihuri yake kwenye boksi, mmoja mmoja. Hapo iliniuma.

Uzuri, maswali yanakaa kwenye simu yangu. Nikiyabadilisha, kikaratasi kilekile kinaleta swali jipya. Lakini mtandao haujui nini? Nikavuta rafuni kitabu cha historia. Ukurasa wa arobaini na moja, mfalme kachorewa masharubu na miwani. Kazi yangu hiyo, kidato cha pili.

Nikachapa mbiombio. "Historia iliyotafunwa na panya, ukurasa wa 41: mfalme kaongezewa nini?" "Kamusi kubwa: kwenye N, nani kaandika ana njaa?" "Atlasi: nchi gani imemwagiwa chai?"

Kisha nikatuma kwenye grupu: "Ile ya kwanza ilikuwa ya watoto. Skanini tena, muulize huo mtandao wenu."

Halafu mtu akapiga kelele, "Oya, hii haipo!" Wakaja kama siafu.

Mkuu alipoingia alihesabu kwa kidole, akafika hamsini na mbili akachoka. Akachukua atlasi.

"Nani kaharibu hiki?"

"Hilo swali la saba, mwalimu," binti mmoja akamwambia. "Funika, utatuharibia."

Akafunika! Mkuu mzima.

"Maktaba ibaki," akamwambia Shangazi. "Mwisho wa muhula tutaangalia tena."

Shangazi akarudisha mihuri mezani. Kisha akafungua ile historia, akatazama masharubu, akanitazama mimi.

"Huu mkono naujua."

Nikakana, sana tu. Lakini sikio alishalikamata.