Sahani ya Pili

Fundi cherehani aliamka moyo ukimdunda kama bibi harusi, maana saa nne alitakiwa kupanda mizani ya kliniki. Daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: asipopungua kilo nane kwa miezi minne, goti halitaimudu tena cherehani ya kukanyaga. Na kushona ndiyo kazi pekee aliyoijua.

Si kwamba hakuwahi kupungua. Mara tatu alijinyima mpaka macho yakamtumbukia, na mara tatu unene ukarudi na wenzake. Aliyegundua kiini ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, siku alipoingia mchana akamkuta mezani na sahani mbili. Akauliza ya pili ni ya nani. Miaka miwili tangu amzike mume, mkono wa fundi ulikuwa bado unapakua kwa wawili, na kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumwaga chakula cha mumewe, alikila yeye.

"Wifi," akasema yule dada, "kaka yangu alikuwa mlafi, najua. Lakini hata huko aliko anakutuma umalizie sahani yake?"

Wakacheka mpaka wakalia.

Tangu siku hiyo hakujinyima kitu. Kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata, alipima njaa kabla ya kupakua: hii ni ya tumbo, au ni ya nyumba kuwa kimya? Wiki za kwanza alijisahau akapakua mbili, kisha akarudisha sahani moja jikoni. Siku nyingine aliila yote. Hakujitukana; kesho yake alipima tena. Mwezi wa tatu mkono ukachukua sahani moja wenyewe, naye akaja kugundua wakati wa kuosha vyombo. Alisimama pale na povu mikononi, akitabasamu peke yake.

Kliniki, muuguzi alimpandisha mizani mara mbili. Amepungua kilo tisa. Akauliza ametumia dawa gani.

Wifi, aliyemsindikiza, akadakia, "Amemwachisha kaka yangu kula."

Walirudi kwa miguu, fundi mbele, wifi akihema nyuma. Kwenye duka la vyombo fundi akachagua sufuria ya mtu mmoja, akaigonga kwa kidole, akaipakata kifuani njia nzima.

"Jumapili uje tule," alimwambia wifi yake mlangoni. "Ila chakula chako uje nacho."