Dua ya Seli za Katikati ya Vidole

Kulusum alikuwa uani, kule Dranya, akichambua maharagwe, seli zilipomtoka kitovuni na kukaa mkekani kwa adabu. Zilikuwa ndogo kama ulezi. Aidah, wifi yake, akasogeza ungo zisije zikapikwa. Ndivyo familia ilivyojua kwamba Kulusum ana mimba, na ikashukuru.

Mzee Sule, baba mkwe wa Kulusum na sajini mstaafu, alizikagua akiwa amesimama wima.

"Nyinyi iko kikosi gani?"

"Mikono yote miwili, mzee. Katikati ya vidole."

Zilieleza kwamba hapo mwanzo kila seli ingeweza kuwa chochote, hata jicho. Lakini majirani hupelekeana habari, na pale unapokaa ndipo panapokupa kazi. Zilizo huku ziliambiwa ziwe mfupa, zilizo kule ziwe kucha. Zenyewe ziliambiwa zife ili vidole viachane, la sivyo mtoto angezaliwa na mikono kama miguu ya bata. Zilikuwa zimekuja kuaga.

"Amri ya afande gani?"

"Afande hakuna. Iko majirani tu."

"Katikati ni pabaya," alisema Mzee Sule. "Hata jeshini."

"Inauma?" Kulusum aliuliza.

"Kidogo, mama. Usijali."

Amandu, kitinda mimba wa Mzee Sule, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni huko Mvara, mjini Arua, alithibitisha kwamba jambo hilo hutoka kwenye mtihani. Kwa hiyo shehe akaitwa, na jogoo akachinjwa bila kuulizwa maoni.

Aidah ndiye aliyepika. Alizaliwa baada ya mume wa Kulusum na kabla ya Amandu, na aliachishwa shule kidato cha pili ili Amandu asome. Aliahidiwa kurudi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Baada ya dua, Mzee Sule aliuhutubia mkeka. Alisema anayejiondoa ili wenzake wanyooke, Mungu anamwona. Watu wakaitikia amina. Seli nazo zikaitikia kwa sauti nyembamba, kisha moja ikamgeukia Aidah.

"Na wewe, dada, iko katikati ya nini?"

"Ya kaka zangu."

"Pole. Kaa hapa." Zikabanana, zikamwachia nafasi.

Aidah hakukaa. Alimtazama baba yake. "Baba, na mimi Jumatatu naenda?"

Mzee Sule alimtazama kwa upendo wa kweli, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu," alisema, "tunakushukuru sana."

"Amina," watu wakasema.

Basi Aidah akaketi pale alipoachiwa nafasi. Seli zilikaa naye hadi magharibi, kisha zikafa kwa utaratibu, kila moja ikifagia mahali pake. Jumatatu Amandu alipanda gari la Arua. Mtoto alizaliwa na vidole vilivyoachana vizuri kabisa, na mpaka leo Mzee Sule hajaacha kushukuru.