Kuta Tatu za Jiko Moja

Jumanne saa mbili asubuhi, msimamizi wa mafundi alipima ukuta wa jiko kwenye ghorofa ya pili, akakuta umepotea inchi mbili, akaagiza ubomolewe. Ilikuwa mara ya tatu kwa ukuta uleule. Makabati ya jiko yalikwisha kuletwa na vipimo vyake, na makabati hayana huruma. Kosa lilitokana na tepu ya kupimia, iliyokatika kichwa zamani na sasa ilianzia inchi ya pili. Ilikuwa ya marehemu baba yake na hakukubali kuitupa. Alisema anarekebisha hesabu kichwani, na kweli alirekebisha, isipokuwa siku alizosahau. Mafundi walimwita Inchi Mbili, naye aliitika bila kinyongo.

Asibebeshwe lawama zote peke yake. Pale kazini walikuwa na mtindo wao. Kuta zilipandishwa, zikapigwa plasta, zikalainishwa mpaka unatamani kuziegemea, halafu ndipo wakaitwa fundi umeme na fundi bomba, nao wakazichimba upya kupitisha nyaya na mabomba. Kila ghorofa iliyopanda iliacha kifusi cha kujaza nusu ya ghorofa nyingine: matofali nusu, vigae vilivyopasuka, saruji iliyoganda ndani ya mifuko, makopo ya rangi yenye rangi. Vyote vilipakiwa kwenye tipa na kuteremshwa kwa mama yake Inchi Mbili.

Hilo lilikuwa wazo la Inchi Mbili mwenyewe. Dampo lililoruhusiwa lilikuwa mwisho wa mji, na mama aliishi bondeni, mteremko mmoja tu kutoka pale kazini, akiwa na korongo nyuma ya nyumba lililokula kiwanja chake kila mvua iliponyesha.

"Tipa nne tu, mama," alimwambia. "Korongo litaziba, na wewe utalala usingizi."

Mama alikubali, maana mtoto alisomea mambo hayo. "Ila chemchemi yangu msiiguse," alisema. "Ile ndiyo mboga, ndiyo kuku, ndiyo mimi mwenyewe."

"Haitaguswa."

Tipa ya nne ilikuja, ya tano ikaifuata kwa mazoea, na ilipomwaga ya arobaini kifusi kikaanza kujijenga.

Kilianza na msingi, kama inavyotakiwa. Mama alikuwa akimwagilia mboga zake alipoona matofali nusu yakitafuta wenzao na kujipanga. Alimaliza tuta alilokuwa nalo, kisha akahamisha kamba ya kuanikia nguo, maana ilikuwa njiani. Kufikia Ijumaa ghorofa ya kwanza ilikuwa imesimama. Lilikuwa jengo lilelile la juu mlimani, ila lilitumia makosa yake tu. Milango ilikuwa pale ilipoanza kuwekwa kabla mwenye jengo hajabadili mawazo. Jikoni kulikuwa na kuta tatu zilizofuatana, kila moja imeachana na mwenzake inchi mbili. Mama alipenyeza kiganja katikati yake, akatikisa kichwa. Kazi ya mwanawe aliijua.

Chemchemi ilikuwa chini ya msingi. Haikufa mara moja. Ilipanda ndani ya kuta na kutokea kwenye sinki la ghorofa ya kwanza, nyeupe, ikiuma mikono. Ukiyaacha maji yatulie kwenye ndoo, chini yaliganda pande ambalo halikutoka mpaka ndoo ipasuke. Mboga zilikauka ndani ya wiki. Kuku waliyanywa, wakataga mayai ya kijivu yaliyohitaji nyundo. Jengo lilipopanda ghorofa, maji nayo yalipanda, na mama akabeba kitanda chake akayafuata. Hakuwa na maji mengine.

Inchi Mbili alikwenda kumwona Jumapili, akamkuta ghorofa ya tano. Alimwamkia, kisha akagonga kuta kwa vidole, chumba kwa chumba.

"Plasta imeshika vizuri," alisema.

"Usinipimie plasta, mwanangu. Nipimie maji."

Alifungua bomba. Uzi mweupe ulitoka, ukakatika, ukatoka tena. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Aliahidi kulisimamia jambo hilo yeye mwenyewe, na wakati anaahidi alikuwa anamaanisha.

Jumatatu alimweleza mkandarasi kwamba kifusi kimefunika chemchemi na kimejijenga ghorofa tano. Mkandarasi alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Kama kimejijenga, basi si taka tena," alisema. "Tipa ziendelee."

Afisa wa mazingira naye aliletwa. Alikuwa mtu makini, mwenye buti zake mwenyewe. Alilizunguka bonde zima akitafuta kifusi kilicholalamikiwa, hakukiona, akaona ghorofa. Alimweleza mama kwa upole kwamba mambo ya maghorofa yana ofisi yake. Mama alimkaribisha maji kwenye bilauri. Aliyatazama, akashukuru, akasema anawahi.

Mambo yakaenda hivyo. Jengo la mlimani lilikuwa na wino wa mhandisi na mabango ya rangi, la bondeni lilikuwa na mama. Dereva wa tipa alizoea kupiga honi mbili kabla ya kumwaga, na mama aliinama dirishani kumwelekeza arudi nyuma kwa uangalifu, asije akagonga ngazi. Nani angewaona akadhani hawapatani?

Mlimani walipofika ghorofa ya kumi na mbili, bondeni nako jengo lilikuwa limepanda mpaka usawa ule, kwa kuwa makosa yalikuwa mengi. Siku hiyo Inchi Mbili alisimama kwenye jiko la juu kabisa, lile lenye mandhari, akatazama nje akamwona mama yake dirishani, ng'ambo ya pili, uso kwa uso. Kati yao hapakuwa na kitu ila upepo. Mama alimpungia mkono. Kisha aliinua ndoo, akaipindua nje ya dirisha, akaitikisa.

Halikutoka hata tone.

Inchi Mbili alielewa. Alielewa vizuri kuliko alivyowahi kuelewa ramani yoyote.

"Bosi," fundi alisema nyuma yake, "ukuta huu umepotea inchi mbili. Makabati hayataingia. Tuuache hivihivi, au tubomoe?"

Mafundi wote walisubiri, nyundo mkononi. Ng'ambo, mama naye alisubiri, ndoo mkononi. Inchi Mbili aliivuta tepu ya baba yake, akapima tena kutoka kona hadi kona, taratibu, na safari hii alikumbuka kurekebisha hesabu. Zilikuwa inchi mbili kamili. Aliiachia ikajikunja, akairudisha kiunoni.

"Bomoeni," alisema.

Nyundo ya kwanza ilipogonga, mama aliisikia. Aliweka ndoo chini, akashika kitanda chake kwa upande wa miguuni, akakivuta mpaka kwenye kona ili kuupisha ukuta utakaokuja.