Vidonge vya Rangi Mbili

Kikohozi kiliingia kwenye chumba cha ushonaji wiki ileile ilipoingia oda ya sare za shule. Hakuna aliyekitilia maanani, kwa kuwa kazi ilikuwa imewafika shingoni. Aliyekohoa alikuwa mkataji, kaka mkubwa wa mwenye chumba, na mwenye chumba ni mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa fundi cherehani hodari, na pia kwa sababu alijifanya daktari wa kila mtu, ingawa sindano yake haikuwahi kutoboa kitu zaidi ya kitambaa.

Dawa yake ilikuwa moja tu: vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, alivyovichukua duka la ng'ambo ya barabara bila cheti wala maswali. Mtoto akiharisha, rangi mbili. Jino likiuma, rangi mbili. Majirani walimsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ikafika mahali hata mtu akipiga chafya mara mbili anawekewa kidonge mkononi.

Basi kaka yake naye akapewa. Alikunywa siku tatu, akasema amepata nafuu, akaacha. Wiki iliyofuata kikohozi kikarudi, na vidonge navyo vikarudi. Walikwenda hivyo miezi mitatu. Suruali ikaanza kumpwaya, akaitia pini kiunoni, akawatania wasichana kwamba mkataji mzuri hujipunguza mwenyewe kabla ya kupunguza kitambaa. Walicheka. Madirisha yalikuwa yamefungwa, maana vumbi la barabarani lilikuwa likichafua mashati meupe.

Wasichana hao walikuwa wawili. Mdogo alikuwa kitinda mimba wa Mama Sindano, wa miaka kumi na minne, aliyeshona vifungo akitoka shule. Mkubwa alikuwa mtoto wa kambo, binti wa marehemu mumewe kwa mke wa kwanza. Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyekaa meza moja na mkataji kutwa nzima, akipokea vipande na kuviunga.

Mama Sindano hakuwa mkatili. Alichokula mmoja alikula na mwenzake. Lakini kikohozi kilipokataa kuisha, hofu ilimwingia, na ilipomwingia alimfikiria mmoja tu. Kila asubuhi akawa anamwita kitinda mimba uani, anampa kidonge na kikombe cha maji, akisema ni kinga. Siku moja binti wa kambo aliuliza kama na yeye angepata. Akajibiwa kwamba dawa si njugu, na kwamba yeye ana mwili wa chuma. Hakuuliza tena.

Tumbo la mdogo likavurugika. Lilijaa gesi, akaharisha, chakula kikamkinaisha. Mama yake akaona huo ni ugonjwa mwingine, akaongeza kidonge cha jioni.

Kisha, mchana mmoja, mkataji aliinama juu ya meza na kukohoa damu kwenye mgongo wa shati jeupe, mkasi bado mkononi. Cherehani zote zikanyamaza. Binti wa kambo alikunja kile kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akatoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Makohozi yake yalipimwa. Kilikuwa kifua kikuu, tena kilishakula mapafu yote mawili. Siku ya pili mhudumu wa afya akaja nyumbani, akaandika kila aliyevuta hewa ya chumba kile. Mama Sindano alikwenda kupimwa akimwonea huruma binti wa kambo. Wa kwake hakuwa na wasiwasi naye hata kidogo.

Yeye mwenyewe alikutwa salama. Kisha daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akabandika picha mbili za kifua kwenye taa ya ukutani. Ya mkubwa ilikuwa safi. Ya mdogo ilikuwa na wingu juu, upande wa kulia.

"Umezichanganya, daktari," Mama Sindano alisema.

"Hapana, mama. Nimezikagua mara mbili. Huyu mdogo amekuwa akinywa dawa gani?"

Akaeleza. Alianza na fahari kidogo, ikamwishia katikati ya maneno, kwa sababu daktari aliweka kalamu chini.

Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba vidonge vile haviui vimelea vya kifua kikuu. Wanaokufa ni wengine, bakteria wa utumboni, mamilioni kwa mamilioni, ambao mtu huishi nao tangu utotoni bila kudhurika. Hao husaidia kusaga chakula, na wataalamu wanazidi kuona kwamba hata kinga ya mapafu huwategemea kwa namna fulani. Panya wa maabara waliovurugwa utumbo kwa dawa walishindwa kuvidhibiti vimelea vile kama wenzao. Kwa binadamu, uchunguzi bado unaendelea.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemtia mwanangu ugonjwa?"

"Ameambukizwa na hewa ya chumba kile. Kama vidonge vilimfungulia ugonjwa mlango, siwezi kuapa. Wapo wanaougua na wasiougua, na sababu ni nyingi. Ninachojua ni kwamba havikumkinga."

Akageukia karatasi ya pili. Binti wa kambo naye alikuwa na vimelea, kipimo cha ngozi kilivimba. Ila vilikuwa vimelala. Mwili wake umevifunga, na angepewa dawa ya kuzuia visiamke.

Asubuhi iliyofuata Mama Sindano alimwita uani, kidonge kiganjani, kikombe cha maji mkono wa pili. Msichana alisimama mbali kidogo.

"Nitakunywa, mama mdogo. Lakini si kwa mkono wako."

"Hivi ni vya hospitali, mwanangu."

"Najua. Siku ile nilikuomba ukaninyima. Leo mdogo wangu yuko kitandani, mimi nimesimama, na labda nimesimama kwa sababu hukunijali. Sijui nikushukuru au nikulaumu. Nikikuona, nawaza hilo tu."

Alichukua paketi yake mezani, akaingia ndani.

Mkataji alifariki wiki ya tano ya matibabu. Matanga hayajaanuliwa, jirani mmoja alikuja na mtoto mchanga mgongoni aliyekuwa akikohoa, akaomba rangi mbili. Mama Sindano alimsihi ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Jirani alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, akaondoka amenuna.

Kitinda mimba alitibiwa miezi sita. Na hapo ndipo palipomwuma mama: dawa za kifua kikuu nazo ni za kuua bakteria, na daktari alikataza kuruka hata siku moja. Kila asubuhi alihesabu vidonge akijua vitamchafua tumbo, akijua pia kwamba bila hivyo atamzika. Mtoto alipona, lakini mpaka leo akipanda ngazi husimama katikati.

Binti wa kambo alimaliza dawa zake, akahamia kwa shangazi yake na kuanza kushona huko. Wakikutana njiani humwamkia kwa adabu zote, wala hasimami.

Mwezi uliopita mdogo alikohoa siku mbili. Mama Sindano hakungoja ya tatu. Walipima makohozi, wakapiga picha, wakasubiri kwenye benchi mpaka saa tisa. Majibu yakatoka safi: ni mafua tu. Alimshukuru daktari, akampeleka mtoto nyumbani, akarudi kwenye cherehani yake. Kikohozi kikasikika chumba cha pili. Akaondoa mguu kwenye pedali, akatega sikio.