Mkasi Ambao Haukuanguka

Kiwandani walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Shule aliiachia darasa la tano. Shangazi yake ndiye aliyemwombea kazi, akamketisha kwenye cherehani ya mbele yake na kumfundisha kushona mifuko ya suruali: pindua, bana, piga mshono, kata uzi.

Akamfundisha na jambo jingine lisiloandikwa ukutani.

"Akija Bwana Saa, angusha mkasi. Inama taratibu, utafute, ufute vumbi. Atakavyokupima wewe ndivyo atakavyotupimia sisi sote."

Kila mshonaji wa mstari ule aliijua kanuni hiyo. Wengine walikatikiwa na uzi, wengine walishikwa na chafya. Cherehani ishirini na mbili zilikwenda mwendo mmoja.

Bwana Saa, mpimaji wa kasi ya kazi, alipokuja alisimama begani kwa Kimya, saa mkononi. Mkasi ulikuwa pajani, ukingoja kusukumwa tu. Akasema kwa upole, "Binti, una mkono mzuri sana."

Tangu atoke shule hakuna aliyemsifu, na hata huko alisifiwa kwa kufuta ubao. Damu ikampanda usoni. Mikono ikashika njia yenyewe: mfuko, mfuko, mfuko. Alipozinduka, Bwana Saa alikuwa ameshaandika na kwenda zake, na mkasi ungali pajani.

Mwezi haukuisha, karatasi ikabandikwa mlangoni. Kazi ya watu ishirini na wawili ingefanywa na kumi na wanne. Kati ya wanane waliotolewa, shangazi alikuwa wa kwanza.

Wanane si wengi, ukiwataja ofisini. Lakini Mama Chai wa getini aliweka birika kubwa kando, akatoa dogo. Fundi viatu aliyekaa jirani yake alihamisha kigoda. Mtaani, milango mitatu iliandikwa kwa chaki kwamba chumba kinapangishwa. Kimya alipita hapo ameinamisha kichwa, kana kwamba kila mlango unamjua.

Siku ya kuchukua barua zao, wale wanane waliketi kwa Mama Chai. Kimya alitoka wakati wa mapumziko, akasimama nyuma ya shangazi yake.

"Hebu niambieni," Mama Chai akauliza, "nani alikimbiza cherehani? Saa haikujipima yenyewe."

Mshonaji mmoja mnene waliyemwita Pasi akamnyooshea Kimya kidole. "Mimi namshuku huyu. Kimya kingi kina mshindo."

Wakacheka kidogo. Shangazi hakucheka.

"Mwanangu mwacheni. Nilikaa nyuma yake. Mkasi wake ulianguka, niliusikia kwa masikio yangu haya mawili."

Wakamwamini, maana kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kumshika na uongo. Hapo Kimya akaelewa. Shangazi alikuwa ametega sikio siku ile, akasikia kila kitu isipokuwa mkasi. Alijua tangu mwanzo. Kila jioni alimpakulia chakula huku akijua.

Pasi akamgeukia mwenzake. "Kama si yeye, basi ni wewe, Chafya. Siku ile hukupiga hata moja."

Chafya akaanza kuapa.

"Haukuanguka," Kimya akasema.

Hakuna aliyesikia. Akarudia.

"Mkasi wangu haukuanguka. Alinisifu, nikakimbia."

Kikombe cha Pasi kikabaki hewani. Hakuna aliyemtukana, wangemtukana ingekuwa nafuu. Walimtazama shangazi yake, mtu mzima aliyeapa kwa masikio yake mawili.

Shangazi akanywa chai mpaka kwenye machicha.

"Nilikufundisha kushona," akasema taratibu. "Kunyamaza sikukufundisha. Nilidhani hilo umezaliwa nalo."

Akainuka, akakaza kilemba chake.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Sasa nibebee kikapu."

Ndani ya kikapu mlikuwa na barua, kikombe cha bati na mkasi wake wa miaka kumi na tisa. Kimya alikishika kwa mikono miwili. Kengele ya kurudi kazini ikalia nyuma yao, kisha cherehani zikaanza kunguruma, kumi na tatu; ya kwake haikuwamo. Hakugeuka.

Shangazi alitembea polepole, magoti yakimsumbua. Kimya naye akafupisha hatua, asije akampita.