Baba Kazidiwa

Kwa miaka tisa Beatrice alikuwa akikata tiketi katika dirisha la tatu la stendi ya Tarime, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpandisha abiria gari lisilo lake. Ulimi alikuwa nao, hilo kila mtu pale stendi alilijua. Mtu akija kuuliza gari la Musoma huku amesimama mbele ya gari lililoandikwa MUSOMA kwa herufi zinazosomeka hata na ng'ombe, Beatrice alimuuliza kama macho ameyasahau nyumbani. Watu walimsamehe kwa sababu akishamaliza kumsema mtu, anatoka dirishani, anamshika mkono na kumfikisha mpaka mlangoni mwa gari.

Jumatano ile ujumbe ulimkuta anafungua kufuli la dirisha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ulitoka kwa mdogo wake, Matiko, aliyekuwa akiishi na mama yao kule Machochwe, analima mahindi ambayo nusu yake huliwa na tembo wa hifadhini. Ulikuwa na maneno manne, yote kwa herufi kubwa kama Matiko anavyoandika siku zote: BABA KAZIDIWA FANYA HARAKA.

Akaliacha kufuli likining'inia. Baba yao, mzee Nikodemo, alikuwa amelazwa Mwanza kwa ajili ya figo, wiki ya tatu sasa, akiuguzwa na Thadeo, mtoto wa baba yao mkubwa. Beatrice alimpigia Matiko, simu haikupatikana. Akampigia Thadeo, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akarudi kwa Matiko, kisha kwa Thadeo, mwisho akawa anabonyeza tu bila kujua anamtafuta nani.

Halafu hasira ikampanda. Kwa hiyo Thadeo, aliyekaa kitandani kwa mgonjwa, ameona ampigie kwanza Matiko, Machochwe huko kwenye mtandao wa kuvizia, kwa kuwa Matiko ndiye mtoto wa kiume. Yeye, binti, mkubwa wa wote, mwenye magari ya Mwanza mbele ya pua yake, anaipata habari ikiwa imeshazunguka nusu ya mkoa. Ndivyo zilivyo nyumba zetu, binti akishaolewa habari humfikia ikiwa imepoa. Lakini hasira ile ilikuwa inafunika jambo jingine, na Beatrice alilijua. Katika wiki zote tatu hakuwa amekwenda kumwona mzee hata mara moja. Kila siku alikata tiketi za Mwanza, akawatakia watu safari njema, na kila siku akajiambia atakwenda Jumamosi.

Sasa alitaka kitu kimoja tu, amkute bado anaongea.

Akafunga dirisha, akapanda gari la saa moja. Konda, Felix, alimpa kile kiti kidogo cha pembeni ya mlango, karibu na dereva. Dereva alikuwa Vincent, mtu mzima mwenye subira, na siku ile aliihitaji yote.

"Kaka Vincent, leo usiingie Musoma," Beatrice alisema hata kabla hawajaiacha Tarime.

"Dada, nina abiria tisa wa Musoma. Umewakatia tiketi wewe mwenyewe."

Ni kweli, aliwakatia yeye mwenyewe, jana jioni. Kilomita mbili mbele akaanza upya. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara na kuinua mkono alikuwa adui yake. Kuna mama mmoja aliyetaka kupakia magunia mawili ya viazi vitamu, akakaa dakika nzima akielekeza yawekwe vipi, na Beatrice akamwambia viazi havina haja ya kuona mandhari. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, simu mkononi imelowa jasho.

Kwenye daraja la Kirumi trafiki aliwasimamisha, akazunguka gari, akatazama matairi moja moja, akaomba leseni. Beatrice alitamani kushuka akamweleze. Angemweleza nini? Kwamba kuna mzee Mwanza anapumua kwa shida na kila tairi linalotazamwa linampunguzia pumzi? Felix akamwona anainuka, akamwekea mkono begani, naye akakaa.

Musoma wakaingia. Abiria tisa wakashuka taratibu, mmoja akarudi kutafuta mwavuli. Ziwa lilikuwa pale, lile lile, wala hakulitazama. Thadeo, hapokei. Matiko, hapatikani. Kiabakari, hapokei. Bunda, ambako wauza mahindi ya kuchoma walizunguka madirisha na Vincent akanunua hindi moja akalila kwa utulivu wa kuudhi, hapokei. Beatrice alishaanza kuwaza nguo za msiba, nani ataleta turubai, na kama gari la kusafirisha maiti kwenda Machochwe hupitia Nata au huzunguka Tarime. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, na hakuweza kuacha.

Walipofika Lamadi, saa nne na robo, Felix akatangaza dakika kumi za chai. Beatrice akashuka kwa sababu kukaa kulimshinda. Alikuwa anazunguka gari kwa mara ya pili Thadeo alipopokea.

"Shikamoo, dada. Samahani, simu ilikuwa kwenye chaji kwa wauguzi."

"Thadeo, niambie tu. Baba yupo?"

"Yupo."

"Yupo vipi?"

"Yupo hapa kitandani, anakunywa uji. Anasema hauna sukari. Nimpe simu?"

Beatrice aliegemea gari, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akiwa peke yake pale kando ya barabara, wauza samaki wakimtazama. Kwa dakika moja hivi alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe. Hata yule mama wa viazi angemkumbatia.

Sauti ya mzee Nikodemo ikaja, nene, yenye uji ndani yake. "Beatrice. Nani amekwambia nimezidiwa?"

"Shikamoo, baba. Ni Matiko. Ameniandikia alfajiri. Nitamtandika huyu, ni mtu mzima lakini nitamtandika."

"Ameandika nini?"

"Baba kazidiwa, fanya haraka."

Beatrice alisikia kijiko kinawekwa.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Matiko ananiita mimi tata," mzee akasema polepole. "Tangu alipoanza kusema mpaka leo, ni tata. Huyo baba wa Matiko ni nani, Beatrice?"

Kwa Kikurya tata ndiye baba, na baba ni mama. Jambo hili kila mtoto wa nyumba ile alilinyonya na maziwa. Beatrice mwenyewe alimwita mama yake baba mpaka alipoanza shule Tarime, akikaa kwa shangazi, na darasa zima likamcheka siku aliposema baba yake anamnyonyesha mdogo wake. Alirudi likizo na maneno mapya, mama huku, baba kule, akakataa kusema mengine. Mama yao, Ghati, aliyapokea kama mtu anavyopokea gauni lisilomtosha, akalivaa ili mtoto asihuzunike. Lakini Matiko aliishia darasa la tatu na hakubadilisha kitu. Ujumbe aliuandika kwa Kiswahili, kasoro neno moja, ambalo kwake halikuwa la lugha yoyote. Lilikuwa jina la mama yake.

Na Jumapili mama alikuwa amesema. Hilo lilimjia Beatrice palepale, simu ikiwa bado sikioni. Walipoongea Jumapili mama alisema kifua kinambana tangu Alhamisi, hata kuinua ndoo anashindwa. Beatrice akamjibu pole, mama, unywe maji ya moto, halafu akauliza kama wana habari za mzee. Familia nzima ilikuwa inamtazama mgonjwa, na aliyekuwa mzima hakuna aliyemtazama.

"Rudi," mzee Nikodemo akasema, na sasa sauti yake haikuwa na uji tena. "Rudi, mwanangu. Mimi nipo."

Felix ndiye aliyemvusha barabara, akasimama katikati na mikono juu mpaka gari lililotoka Mwanza likafunga breki. Vincent aliteremka kutoka kwenye usukani wake, jambo ambalo halifanyi kwa mtu, akamkabidhi mkoba aliousahau. "Nenda salama, dada," alisema.

Hesabu yake ilikuwa ashuke Bunda, achukue gari la Mugumu linalopita Issenye na Nata, halafu bodaboda mpaka Machochwe. Alasiri angekuwa amefika. Bunda alifika, na gari la Mugumu lilikuwepo, limebakiza abiria wanne. Akapanda. Akashuka. Akamuuliza konda wataondoka saa ngapi, konda akamjibu kwamba gari litaondoka likijaa, jibu ambalo yeye mwenyewe ameshawapa watu zaidi ya elfu kwa sauti ile ile. Akapanda tena. Akaja mmoja, wakabaki watatu. Akasimama mlangoni akiwaita wapita njia, Mugumu, Mugumu, mpaka konda akamwomba amwachie kazi yake.

Hapo Matiko akapiga.

"Uko wapi?" aliuliza, anahema. "Mbona dirisha limefungwa?"

"Dirisha gani?"

"Lako. Tuko hapa stendi Tarime. Tumekodi gari tangu alfajiri, tumepita Nyamongo, njia nzima hakuna mtandao. Nilikuandikia ufanye haraka, utafute namna ya kutupokea hospitali."

Beatrice alishika ukingo wa mlango. Kumbe angebaki pale pale alipokuwa, nyuma ya dirisha lake, akawasema watu na kukata tiketi kama siku zote, mama angeletwa mpaka mbele ya macho yake.

"Anaendeleaje?"

"Hawezi kulala chini, anakosa hewa. Amekuulizia. Hawa wa dirisha la pili wamesema umekwenda Mwanza kwa tata, nikamwambia."

"Mpeleke hospitali, usinisubiri. Lakini niongee naye kwanza. Mpe simu, Matiko."

Akasikia mlango wa gari, kelele za stendi yake mwenyewe, mtu anatangaza gari la Sirari, halafu pumzi. Pumzi fupi fupi, kama za mtu aliyepanda mlima na mzigo.

"Umemkuta tata yako?" mama akauliza.

Huo ulikuwa wakati wa kumweleza, na Beatrice hakuweza. Angemweleza nini, kwamba amekosea neno?

"Nimemkuta."

"Anakula?"

"Anakunywa uji. Anasema hauna sukari."

Mama akatoa sauti ndogo, na Beatrice akajua kwamba anacheka. "Ndiye huyo," akasema. Akavuta pumzi mara nyingi kabla ya kuendelea. "Umefanya vizuri kwenda. Alikuwa anakuulizia kila siku, mimi nilikuwa namwambia una kazi. Sasa kaa naye. Mimi ninaye Matiko."

"Hapana, nakuja. Nakuja sasa hivi."

"Kaa naye," mama akarudia, na simu ikarudi kwa Matiko, na Matiko akasema anakwenda, anakwenda sasa hivi, na ikakatika.

Gari la Tarime lilikuwa linatoka nje ya stendi ya Bunda. Beatrice alilikimbilia, akiligonga ubavuni kwa kiganja, na wakamfungulia. Hapakuwa na kiti karibu na dereva, akaenda kukaa nyuma kabisa, kati ya mzee aliyesinzia na dada mwenye mtoto mgongoni. Gari likasimama Kiabakari, likapakia. Likaingia Musoma, likakaa. Safari hii hakumwambia dereva kitu, wala hakumsema mtu yeyote aliyechelewa kupanda. Alikuwa anaomba, na maombi yake yalikuwa mafupi, kwamba mama akasirike. Kwamba afike Tarime amkute amekaa kitandani, mama amsute mbele ya wodi nzima kwa kutomsikiliza Jumapili.

Simu iliita gari likiwa juu ya daraja la Kirumi. Safari hii Matiko hakujaribu Kiswahili. Alisema yote kwa Kikurya, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe zizini: kwamba walifika hospitali, kwamba waliletewa kitanda cha magurudumu mpaka garini, kwamba baba alifariki walipokuwa wakimshusha. Alilitaja neno lile mara mbili, na mara zote mbili Beatrice alilisikia sawasawa.